Magazini Kumi na Moja za Verl

Rupert, Idaho
11 Februari 2018

Mdogo wangu Garth,

U hali gani huko ndani? Mimi mzima, isipokuwa kifundo cha mkono wa kulia ambacho baridi ya mwezi huu imekikamata kama koleo. Mwanangu Kamille anakusalimu kutoka Boise. Ana mimba ya miezi mitano na hataki kuambiwa apumzike. Hilo kalirithi kwangu. Upepo wa wiki iliyopita uling'oa mabati matatu ya ghala la jirani, moja likatua uani kwangu. Sijalirudisha. Limekuwa mlango wa banda la kuku.

Tangu Verl afariki Oktoba, siwezi kukaa kitako. Miaka ishirini na saba nimetengeneza mabasi ya shule, nikastaafu ili nikae na mume wangu, naye akaondoka baada ya miezi minne. Jikoni nimepaka rangi mara mbili. Nimebomoa kibaraza nikakijenga upya palepale. Naingia chumbani, nasahau nilichofuata, natoka, naingia tena.

Basi juzi nikafungua droo yake ya soksi. Nimekuta magazini kumi na moja, vile vibati vya kupakilia risasi, za ile bastola yake kuukuu, kila moja ameivika soksi iliyopoteza mwenzake. Unakumbuka alivyokuwa na yale mashindano ya klabu ya kulenga shabaha, kila Agosti. Mimi bastola siiwezi tena. Hata birika nikiinua linatapika chai. Lakini ipo bunduki fupi inayokula risasi zilezile za bastola, karabini, ambayo uzito wake unabebwa na bega. Bega langu halina neno. Taabu ni kwamba hakuna karabini inayouzwa ya kuingia magazini za Verl. Kiwanda cha bastola ile kilikufa zamani, na magazini zake hazifanani na za mtu. Kwa hiyo nitaiunda mwenyewe hapa karakanani. Mwili wake nimeshaununua, kwa karatasi zote za serikali, na mtutu uko njiani. Nataka kusimama Agosti mahali aliposimama yeye, na magazini zake kiunoni.

Twyla wa klabu anasema nimeharibikiwa kichwa. Nikamjibu, mtu aliyefunga giaboksi ya basi theluji ikimfika magotini hashindwi na kibati chenye springi.

Nimekuchorea hapa chini uone ninavyofikiria. Na bodi ya parole, ya kukuachilia kabla kifungo hakijaisha, inakaa lini? Kila nikiuliza unaruka swali.

Dada yako,
Nedra


Gerezani
19 Machi 2018

Dada Nedra,

Salamu zako zimefika na tundu katikati. Mchoro wameukata kwa mkasi, wakaniita ofisini. Afisa aliiinua barua kwenye taa, akaniuliza, "Huyu Nedra ni nani, na ana mpango gani?" Nikamwambia ni dada yangu, ana miaka sitini na tatu, na mpango wake ni kuwashinda wazee wa Rupert. Hakucheka. Barua ilikaa kwake wiki tatu. Tafadhali andika tu, usichore.

Mimi sijambo. Bado niko udobini. Nakunja mashuka mia nne kwa siku, na nikiyamaliza najikuta nazunguka meza kutafuta mengine. Labda ni damu ya ukoo wetu. Nimefurahi kuhusu Kamille. Nilipoingia humu alikuwa na waya wa kunyoosha meno, na hasira.

Kazi yako iendeleze. Tangu msiba barua zako zilikuwa za mistari mitano, kama za serikali. Hii nimeisoma mara nne.

Bodi inakaa Mei.

Chumba cha Kamille kule nyuma, bado kina zile pazia za njano?

Nduguyo,
Garth


Rupert
8 Aprili 2018

Garth,

Salamu nyingi. Kuku wameanza kutaga. Mashamba ya viazi yamelimwa, vumbi limeingia hadi kwenye sukari. Kamille yu mzito sasa, anatembea kama trekta lenye mkokoteni.

Pazia za njano zipo, lakini usingeziona. Chumba kile nimekijaza vyuma. Karakana imekuwa ndogo, nikahamishia humo makabati, keekee, na kabati la chuma lenye bunduki zote za Verl. Kitanda cha Kamille nimekisimamisha ukutani.

Sasa sikiliza, maana hapa hakuna wa kunisikiliza. Shimo la kuingizia magazini ni pana kuliko magazini yenyewe. Ilicheza humo kama jino bovu. Nikachonga kipande cha alumini cha kujazia. Nikakiharibu. Nikachonga cha pili, nacho nikakiharibu. Cha tatu kikakaa. Nikashangilia peke yangu, kuku wakakimbia. Kumbe bado. Magazini inakaa chini kidogo mno, upana wa ukucha tu, na risasi inapopanda inakuja imeinamisha pua, inagonga mdomo wa mtutu na kukwama. Nimejaribu kwa risasi bandia mara sitini. Sitini, Garth. Nyingine nikiwa nimesimama, nyingine nikizunguka meza nikitukana. Twyla alikuja na sinia la viazi na jibini, chakula cha kupelekea wafiwa, miezi sita baada ya mazishi. Akanitazama, akaniuliza ni lini nilipokula. Sikukumbuka.

Nikiwa na tupa mkononi nyumba haina kimya. Nikiiweka chini, kimya kinarudi.

Niambie watakachosema bodi.

Nedra


Gerezani
27 Mei 2018

Dada,

Natumaini barua hii inakukuta umekula. Mzee wa kitanda cha jirani amehamishwa, kaniachia redio yake. Inashika kituo kimoja tu, cha bei za ng'ombe.

Bodi wamekubali. Natoka tarehe 17 Septemba.

Anwani niliyowapa ni ya nyumba ya wanaume wanaotoka gerezani, kule Pocatello. Kuna kitanda, na kuna kiwanda cha milango kinachoajiri watu kama sisi. Nimeona ni bora. Miaka kumi na saba nimelala na wanaume wanaokoroma, nikikosa wa kunikoromea huenda nisipate usingizi. Wewe usijisumbue kwa lolote.

Ile risasi imeinua pua?

Garth


Rupert
10 Juni 2018

Garth,

Salamu. Nimepokea habari na nimefurahi. Kamille amejifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, wanamwita Odessa.

Pocatello ni mji mzuri, nasikia.

Risasi imeinua pua. Jumanne nilikwenda uwanja wa klabu peke yangu, nikapiga magazini nzima bila kukwama, nikapiga ya pili. Nikageuka nimwambie mtu. Hakukuwa na mtu.

Nedra


Rupert
22 Julai 2018

Mdogo wangu,

Sikupata jibu lako, na sijui kama uliniandikia. Odessa hajambo, ana nywele kama brashi. Huku joto limezidi, viazi vinapikika ardhini. Hizo ndizo salamu. Sasa tuseme.

Nilikuwa na hasira na wewe wiki sita. Nilijisemea: mdogo wangu wa pekee anatoka, na badala ya kuja kwa dada yake anachagua kulala na wageni. Nikajisemea pia, mimi nilimkaribisha? Nikazipekua barua zangu kichwani. Sikukukaribisha hata mara moja, Garth. Nilikuwa nasubiri uombe. Ndivyo tulivyolelewa, mtu afe kwa kiu kuliko kuomba kikombe cha maji.

Alhamisi nikashindwa kukaa. Niliendesha maili sabini na tano hadi Pocatello kuiona hiyo nyumba. Ni safi, sina neno. Nikiwa mlangoni akaja mama mmoja mwenye mafaili kwapani, Bi. Ochoa, ndiye atakuwa ofisa wako wa parole, wa kukusimamia ukitoka. Nilipomtajia jina langu akaniangalia sana. Akasema, "Kumbe wewe ndiye Nedra. Alikuandika wewe kwanza." Nikamwambia haiwezekani. Akasema mwezi Machi ulijaza fomu, ukaandika anwani ya Rupert, na chini yake kuna swali: je, ndani ya nyumba hiyo kuna bunduki? Ukaandika ndiyo. Kisha ukaikata anwani yangu kwa mstari mmoja na kuandika ya Pocatello. Mtu wa parole haruhusiwi kulala penye bunduki. Wewe ulijua. Mimi, mke wa Verl miaka thelathini na nane, mwenye kabati la chuma na karabini mezani, sikufikiria.

Na uliponiuliza habari za pazia za njano, ulikuwa unaniuliza chumba. Nami nikakujibu nimekijaza vyuma. Nimeligundua hilo nikiwa barabarani, ikanibidi niegeshe gari.

Twyla ana nafasi. Yuko maili kumi na nne kutoka kwangu. Kila kitu kinaweza kwenda kwake kesho, na sheria imetimia. Kwa nini hukusema?

Lipo jingine, na kwa kuwa najua barua hii itafunguliwa na watu kabla yako, waifungue, wasome. Bastola ya Baba nilikupa mimi. Wiki ya mazishi yake, Aprili 2001. Verl aliniambia nisikupe, ulikuwa unalewa tangu asubuhi. Mimi nikasema ni mwana wa kiume pekee, acha awe na kitu cha babake. Nilikukabidhi jikoni, ndani ya taulo ya bluu. Baada ya siku ishirini ukaingia nayo duka la barabarani. Mahakamani walipokuuliza umeipata wapi, ukasema uliiiba kwenye sanduku langu. Nilikuwa benchi la pili. Nilikusikia ukisema uongo ule na sikusimama. Miaka kumi na saba nakuandikia habari za kuku.

Nijibu.

Nedra


Gerezani
5 Agosti 2018

Dada Nedra,

Salamu kwako, kwa Kamille, na kwa Odessa ambaye sijamwona. Barua yako wameifungua, naam. Yule afisa wa mchoro ndiye aliyeniletea, mkononi, hakuipitisha dirishani.

Nimeanza barua hii mara tano. Natembea uani, raundi ni hatua mia mbili na kumi, najipangia maneno, nikifika kwenye karatasi yamekimbia.

Kuhusu fomu. Februari uliniandikia ukurasa mzima, wa kwanza tangu msiba. Machi wakanipa fomu. Ningekuambia nini? Weka tupa chini, nakuja? Nilikuwa nasoma jinsi unavyorudi duniani. Sikutaka niwe mimi wa kukuzuia.

Lakini hiyo ni nusu. Nusu nyingine sijamwambia mtu, hata mshauri wa humu ambaye analipwa kuniuliza. Ungepeleka vyote kwa Twyla, sheria ingetimia, sawa. Mimi je? Unafikiri naogopa sheria? Humu ndani milango inafungwa kwa komeo la chuma, kishindo kimoja. Miaka kumi na saba, kila wakifunga, mkono wangu wa kulia unajikunja wenyewe. Bwana Aune, yule muuzaji wa duka, alinigeuzia mgongo ili anichukulie sigara. Alikuwa anaongea habari za mvua. Sikuwa na sababu ya kumpiga risasi, Dada. Fedha alikuwa ameshaniambia nichukue. Aligeuka kuchukua sigara nilizomwomba, na mkono ukafanya. Aliishi miaka kumi akiburura mguu, halafu akafa kwa ugonjwa mwingine, na mpaka leo sijui kwa nini mkono ulifanya. Mtu asiyejua kwa nini hawezi kujiahidi kwamba hautafanya tena. Ndiyo maana Pocatello. Kule nikiharibika, naharibikia kwa wageni.

Taulo ilikuwa ya kijani, si ya bluu. Naikumbuka vizuri. Ulinipa kitu cha Baba kwa sababu nililia. Niliyoyafanya nayo ni yangu, na mahakamani nilisema nilivyosema ili yabaki yangu. Usininyang'anye hilo.

Mashindano ni Jumamosi. Nenda. Sitaki kusikia hukwenda kwa ajili yangu.

Garth


Rupert
13 Agosti 2018

Garth,

Barua yako ilifika Ijumaa, siku moja kabla. Niliisoma nimesimama kwenye sanduku la barua, nikaisoma tena kwa kuku. Nilitaka kutokwenda. Kisha nikaona mstari wako wa mwisho, nikasema huyu ananijua.

Nilikwenda. Tulikuwa watu thelathini na mmoja, wanawake wanne. Marafiki wa Verl walikaa nyuma ya kamba na viti vyao vya kukunja. Mmoja akasema kwa sauti, ili nisikie, "Nedra, hicho kitu umekitoa kwenye basi gani?" Nikamwambia asubiri, atapata tiketi. Walicheka wote, na mimi nikacheka, nikashangaa sauti yangu.

Duru tatu za kwanza ilikwenda kama cherehani. Magazini za Verl ziliingia na kutoka, sikuhitaji kutazama. Ya nne ikakwama. Risasi ya pili tu, pua chini, vilevile kama Aprili. Zamani ningetukana. Nikatoa magazini, nikaitikisa, nikavuta, risasi ikaruka kwenye majani, nikaweka nyingine, nikamaliza. Nimekuwa wa kumi na tisa. Wa kumi na tisa, mdogo wangu, na kifundo kimevimba kama kitumbua, na nimeona raha kuliko siku yoyote tangu Oktoba.

Sasa nisikilize vizuri, sikubembelezi. Jana Twyla alikuja na gari lake kubwa. Tumepakia kabati la chuma, karabini, risasi, magazini zote kumi na moja, na keekee. Vinakaa kwake. Jumamosi nitakuwa nakwenda kwake kupiga, maana sijaacha na siachi. Ni kazi ya mikono yangu na naipenda. Sijafanya hivi ili uje. Kitanda nimekilaza chini kwa sababu kilinichosha kukiona kimesimama. Ukitaka kubaki Pocatello miaka kumi, baki, nitakuja Jumapili na viazi.

Wala siwezi kukuahidi kwamba mkono wako ni mwema. Siujui. Mkono wangu nao siujui. Ulishika taulo ile. Lakini nina miaka sitini na tatu na nimechoka kuwa mwangalifu na watu wangu.

Taulo nilikuwa na hakika ni ya bluu.

Nedra


Pocatello
30 Septemba 2018

Dada Nedra,

Nipo nje wiki mbili sasa. Asante kwa viazi, na kwa kumleta Kamille na mtoto. Odessa amenikamata kidole, ukaona nilivyosimama kama mti. Kiwandani wamenipa kazi ya kufunga bawaba. Watu wa nyumba hii hawana ubaya. Wanakoroma kama nilivyotarajia, na usingizi sipati vilevile. Mchana natembea. Bi. Ochoa ananiuliza nakwenda wapi, namjibu sijui, mpaka pale barabara inapogeuka, kisha narudi.

Nataka nikuambie la jana, na nakuandikia kwa sababu kwa simu nitaliruka.

Kuna duka karibu na kiwanda. Wiki mbili nimepita ng'ambo ya barabara. Wenzangu wakienda nawaagiza. Jana mchana viatu vilikatika kamba, na hakukuwa na wa kumwagiza. Nikaingia. Muuzaji ni mama wa umri wako, ana miwani ya kamba. Nikamwambia nataka kamba za viatu, nyeusi. Akasema ziko nyuma, juu. Akanigeuzia mgongo, Dada. Akapanda kigoda, akanyoosha mkono, huku akinisimulia jinsi mkwewe alivyopanga rafu ile vibaya. Mimi niliweka mikono yote miwili juu ya kaunta, vidole wazi, nikaitazama. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye kioo. Niliitazama muda wote ule. Haikufanya kitu. Ilikuwa mikono tu, ya mtu wa miaka hamsini na moja, ina gundi ya milango kwenye kucha.

Akashuka, akaniona. Akauliza, "Vipi kaka, unaumwa?" Nikamwambia hapana, joto tu. Akanivutia kigoda kilekile alichopandia, akasema kaa hapo mpaka upate nafuu, na akaendelea kupanga soda zake, mgongo kwangu. Nimekaa dukani kwa watu karibu nusu saa. Hakunifukuza. Alikuwa anaimba puani.

Si kwamba nimepona. Bi. Ochoa nimemwambia yote, na mshauri wa hapa nitaendelea kumwona kila Jumatano hata nikihama; kuna basi. Bi. Ochoa amesema atakuja kwako kuangalia nyumba, na ikiwa ni kama ulivyoandika, anwani inaweza kubadilishwa mwezi ujao. Jumamosi ukienda kwa Twyla nitabaki na kuku. Ukirudi usinisimulie upesi, nipe kwanza muda wa chai. Halafu nisimulie.

Sijawahi kukuomba kitu tangu nililie kile cha Baba, na unajua kilivyotupeleka. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi nikijaribu kuliandika bila kuomba. Haliandikiki.

Naomba chumba, Dada. Njoo unichukue.

Garth